Nilitumwa Kushindwa, Nikashinda

Ndugu zangu wa mashua ya zamani, leo nimeaibika. Nawaandikia mwenyewe, leo hii hii, kabla wauza samaki hawajawafikishia, maana wao wataongeza chumvi na habari yenyewe haihitaji.

Lakini niacheni nianze mbali kidogo.

Mnamkumbuka Anastazi, fundi wa injini? Yule mnene, mpole, asiyekuwa na haraka hata maji yakiingia. Bomba la moshi la ile injini lilipita ubavuni mwa kiti chake, na pale alikuwa amefunga kopo la samli kwa waya. Ndani anatia viazi vitamu na maji kidogo. Tunatoka Rubona vikiwa vibichi, tunaikaribia Kibuye vimeiva. Kapteni akawa ananusa, anadhani injini inaungua. Siku moja akashuka chini mwenyewe, akamkuta Anastazi anamenya. Sisi juu tukasema basi, leo mtu anafukuzwa. Kapteni akaketi juu ya ndoo, akala kimoja, akala cha pili, akafuta mdomo, akauliza, "Na mahindi je?"

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kila mashine ina kazi ile iliyoandikwa kwenye boksi, na ina kazi nyingine inayomngoja mtu mwenye subira. (Mimi shule niliiacha darasa la pili, mwalimu alikuwa amenichoka. Kwa hiyo yale yaliyoandikwa kwenye boksi huwa hayanisumbui.)

Sasa tuje Mbugangari, nyumbani kwangu. Dada yangu aliolewa Goma kwa Waislamu, na binti yake Zaina huvuka mpaka kila siku na mafurushi ya vitenge. Mwezi uliopita alikuja na kitu kwenye mfuko: mashine ya kijivu, bapa, yenye kifuniko cha duara juu. Unaiunganisha kwenye televisheni, unashika kidude chenye vifungo wanachokiita manete, na wanaume wadogo wanacheza mpira ndani ya kioo kwa amri ya vidole vyako. Wanawe waliipenda kuliko vitabu, basi akawanyang'anya.

"Mujomba, uifiche huku kwako mpaka wapate pointi ku masomo," akaniambia. "Kwako iko salama. We hautajua hata kuiwasha."

Hilo neno la mwisho hakupaswa kulisema.

Niliiwasha siku hiyo hiyo. Na nikaicheza. Nawaambia ukweli, niliicheza asubuhi kabla ya chai na mchana badala ya kulala. Nilikuwa na timu ya jezi nyekundu, na mbele nilikuwa na kipara mmoja, akipewa mpira hasimami mpaka wavuni. Mke wangu aliacha kuniuliza maswali. Alinipitia tu, anafagia, ananiambia niinue miguu.

Halafu nikaanza kuitafutia ile kazi ya pili, kama Anastazi. Kwanza nikagundua kwamba juu inapata joto zuri, soksi zinakauka. Kisha nikagundua kubwa zaidi: ukiipa diski ya muziki, inaimba! Inaimba kuliko redio, na kwenye kioo rangi zinacheza, zinapanda na kushuka na ngoma. Nikakaa na kwaya nzima sebuleni. Diski za Zaina zilikuwa zimechanganyika kwenye mfuko mmoja, na maandishi yake ni ya Wazungu, basi nikajitengenezea njia ya kuzijua. Nazigeuza. Yenye tumbo jeusi ni mpira. Yenye tumbo jeupe ni muziki. Haikunidanganya hata mara moja. (Bado.)

Sasa, rafiki yangu Tadeo, jirani, alikuwa anapokea posa ya binti yake, Furaha. Akaja kwangu akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniomba niwe msemaji wa familia yao.

Mimi! Siku zote wanachukuliwa walimu na makatekista, watu wa kusema Kifaransa katikati ya sentensi. Mimi nimekaa kwenye posa za watu tangu ujana wangu, nyuma, karibu na kreti za bia, nikisema moyoni, pale yule angejibu hivi, pale angejibu vile. Nikasema kama nitafanya vizuri kwa Tadeo, nitaitwa kusema hata kwenye posa za kule Nyakiriba. Nilinyoa ndevu mara mbili.

Kazi yenyewe mnaijua. Wageni wanaomba msichana, wewe unasema humjui. Wanaomba tena, unasema aliyekuwepo ameolewa na mfalme. Unawapa vitendawili, unawapima, watu wanacheka, bia inashuka. Na mwisho unashindwa. Lazima ushindwe, ndiyo kazi. Baba mzazi anakaa kimya kama hayupo, kwa sababu siku ile wewe ndiye mdomo wake. Ulichosema kimesemwa.

Asubuhi ya leo Furaha alinifuata pembeni, nywele zimesukwa.

"Muzee, tafazali, usibasumbue sana. Baba ya muchumba wangu hana michezo. Kwao waliisha kurudi njiani mara moja kwa sababu ya kutaniwa, na ile ndoa ikakufa."

"Binti yangu," nikamwambia, "lala usingizi."

Tadeo naye alikuwa na shida yake: redio yake ilikuwa imemeza kanda, na binti hawezi kutoka ndani bila muziki. Nikasema, niachie. Nikaleta mashine ya Zaina. Tukaweka televisheni uani chini ya hema, juu ya meza yenye kitambaa, mimi nikakaa kwenye kiti cha mbele na manete mkononi, waya umenyooka mpaka mezani. Tai nimevaa. Nilipendeza, bon, acha niseme hivyo.

Wageni wakaja mchana. Kwa kuwa wengine wao ni wa Goma na wengine walikulia Tanzania, tukakubaliana Kiswahili. Msemaji wao alikuwa Bwana Salumu, mzee wa Tanzania, suti ya kahawia, maneno yanatoka yamepigwa pasi. Pembeni yake baba wa mchumba, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, uso kama ukuta wa posta.

Nikafanya kazi yangu! Salumu akasema wamekuja kuchuma ua. Nikamjibu hapa tunalima viazi. Watu wakacheka. Akasema wameona ua hilo kwa macho yao. Nikamuuliza walikuwa wanachungulia kwa watu kwa nini. Wakacheka zaidi, Tadeo akapiga goti lake. Hata ukuta wa posta ukatikisika kidogo mdomoni. Nikasema moyoni, Nyakiriba hiyo hapo.

Ukafika wakati wa binti kutoka. Nikageuza diski, tumbo jeupe, nikaitia. Nikafunika. Nikasimama.

"Sikilizeni," nikasema, "ngoma ya mababu zetu."

Kioo kikawa cheusi. Kimya. Nikaongeza maneno. Nikawataja mababu mmoja mmoja. Bado kimya. Nikaanza kutaja ng'ombe wao. Furaha tayari alikuwa mlangoni na wasichana wenzake, mguu mmoja mbele, wanangoja.

Ndipo uwanja mzima wa mpira ukapiga kelele ndani ya hema la Tadeo. Maelfu ya watu! Filimbi! Na juu yao mwanaume mmoja anapayuka kwa lugha ambayo Zaina, aliyekuwa anagawa sahani, alisema ni Kijapani.

"Mujomba!" akaniita, mkono kichwani. "Hiyo ni kopi ya Goma! Kopi zote tumbo yao ni nyeupe!"

(Hilo lingeweza kusemwa mwezi uliopita.)

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaporomoka kwenye benchi. Nami ningeweza bado kupona. Ningetoa diski, ningeomba radhi, ingekuwa hadithi ndogo. Lakini Salumu alikuwa mtu wa maneno, akaona nafasi. Akaja mezani, akaokota manete ya pili.

"Mzee mwenzangu," akasema, "tumeelewa. Ninyi mna desturi ya kuwapima wageni, na leo mmechagua kutupima kwa mpira. Haya. Atakayefunga kwanza ndiye mshindi. Tukifunga sisi, mtupe binti. Mkifunga ninyi, tunabeba kreti zetu tunarudi."

Hema zima likapiga makofi. Ulikuwa utani mzuri, na njia yangu ilikuwa wazi kama barabara ya kiwanda cha bia: nicheze kidogo, anifunge, nilie kwa uongo, nitoe msichana.

"Nimekubali!" nikasema kwa sauti kubwa. "Mbele ya wote hawa!"

Shangazi yake Furaha, Veronika, dada mkubwa wa Tadeo, akaniinamia sikioni. "Muache afunge. Umesikia, Kabera? Muache afunge haraka, chakula iko tayari."

Na nilimwacha, Mungu ni shahidi. Tatizo ni kwamba Salumu alikuwa ameshika manete juu chini. Wachezaji wake walikimbia kwenye kona, wakabaki pale wanasukumana na hewa. Nikamsogezea mpira. Akautoa nje. Nikamsogezea tena, nikamwondoa golikipa wangu njiani kabisa. Salumu akapiga, mpira ukaenda kwa wapiga picha. Watu wanacheka, Veronika ananifinya bega, na Salumu mwenyewe jasho linamtoka kwenye suti ya kahawia. Naye alikuwa na wazee wake nyuma wanaomtazama. Basi akageukia watu akajitetea.

"Mnisamehe, jamani. Mchezo huu ni wa watu wenye macho. Huyu mzee mwenzangu naye mnaona, amekaa tu ameshika kidude, hata hajui mpira uko wapi."

Hajui.

Mimi!

Sijui niwaeleze vipi. Sikuamua chochote. Vidole vyenyewe viliamka. Nikaunyakua mpira, nikampa kipara. Kipara akapita wa kwanza, akapita wa pili, akamlaza golikipa chini kama mkeka. Nikasikia mtu anapiga kelele "Anakwendaaa!" na mtu huyo alikuwa mimi.

"GOOOLI!"

Niliruka. Kiti kikaanguka nyuma. Tai ikaniingia mdomoni. Nikazunguka mara moja na mikono juu, nikapiga magoti kwenye majani kama wanavyofanya wale vijana. Nikangoja makofi.

Hapakuwa na makofi. Wajapani tu ndio walikuwa wanashangilia.

Nikainua macho. Salumu alikuwa anaweka manete mezani taratibu sana, kama mtu anayerudisha kikombe cha kuazima.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Tumesikia jibu."

Baba wa mchumba akasimama. Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii.

"Chukueni kreti," akawaambia watu wake.

Na wakainama! Wanaume wakashika kreti. Mlangoni Furaha alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanapanda na kushuka. Tadeo, mwenye nyumba, mwenye binti, alifungua mdomo, akakumbuka kwamba leo hana mdomo, mdomo wake ulikuwa umepiga magoti kwenye majani. Akaufunga tena.

"Ngojeni!" nikasema. "Tucheze marudiano!"

"Marudiano ya posa?" Veronika akauliza.

Akaja. Alikiokota kile kiti changu kilichoanguka, akakifuta kwa kitenge chake, akakaa. Mwanamke, kwenye kiti cha msemaji. Hata kreti zikabaki hewani.

"Wazee wangu," akasema, "mutuwie radhi. Huyu hatukumutuma kushinda. Tulimutuma ashindwe vizuri. Kushinda kila mutu anaweza."

Baba wa mchumba akamtazama. "Kwa hiyo upande wenu sasa mwanamke ndiye anayesema?"

"Donc, baba, mwanaume si mumemuona?"

Kwanza Salumu ndiye aliyecheka, kwa pua. Kisha wanawake. Kisha lile koti lenye vifungo vyote likaanza kutikisika, akafungua kifungo cha juu, akafungua cha pili, akakaa. Kreti zikarudi chini. Veronika hakupoteza nafasi, aliwaambia pale pale kwamba msichana ni wao, tangu zamani ni wao, na atoke.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikasimama, nikatafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa na watu. Benchi lote lilikuwa na watu, na lile benchi likaniangalia, likajipanua nisipate nafasi. Nikaweka manete juu ya meza. Nikachukua kofia yangu. Nikapita nyuma ya jiko, wapishi wakasogeza masufuria ili nipite, hakuna aliyeniuliza kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Zaina akanikimbilia mpaka getini.

"Mujomba, rudi! Shangazi ya Furaha anauliza muziki iko wapi! Na ile kelele hatujue kuizima!"

"Nakuja," nikamwambia.

Nikafungua geti. Nyuma yangu vigelegele vya wanawake vikapanda, Furaha ametoka, na ndani ya vigelegele ule uwanja wa Wajapani nao unashangilia, sijui wanamshangilia nani. Nikavaa kofia, nikashika barabara, na sikurudi.