Naomba Nitolewe Kwenye Orodha ya Maombi

Kwa Mchungaji Mkurugenzi,
Ofisi Kuu ya Misheni.

Bwana asifiwe sana, Baba Mchungaji.

YAH: KUFUTWA KWA NAMBA SABA

Mimi ni dereva wako wa gari jeupe, yule unayemwona kupitia dirisha lako kila asubuhi akikusanya watu wa kusukuma. Naandika kwa heshima zote na kwa haraka, maana Ijumaa orodha mpya ya maombi inapigwa chapa, na ikishatoka nitakuwa humo mwaka mwingine mzima.

Utakumbuka mwaka jana niliomba betri. Niliandika kwamba gari la dereva lina shida kubwa asubuhi, haliwaki, na fundi anasema betri imekufa. Barua ikamfikia dada katibu muhtasi, ambaye kwa wema wake aliona hili ni hitaji, na mahitaji yana orodha yake, ile ya kuombewa, inayosomwa makanisani na kutumwa hadi ng'ambo. Nafasi ilikuwa finyu, akafupisha. Ikatoka hivi: "7. Dereva wetu: shida kubwa asubuhi." Gari likaachwa nje, betri ikabaki dukani, nikaingia mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani watatu kunionya juu ya pombe. Sinywi. Kila nikikana wananikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Waliniachia kijitabu chenye picha ya chupa na nyoka, na mke wangu amekiweka sebuleni.

2. Kina mama wa maombi wao walidhani ni ndoa. Walimkalisha mke wangu saa mbili nzima wakimuuliza huwa ananiamshaje. Tangu siku hiyo ananiamsha kwa wimbo wa kanisani, beti zote sita, na makofi.

3. Marafiki wa misheni walioko ng'ambo wameniletea kadi thelathini na moja za kunipa pole. Bibi mmoja amenifumia soksi, akaeleza kuwa shida za asubuhi huanzia miguuni. Soksi ni nzuri, sikatai. Nimezivaa sasa hivi.

4. Mama mkwe alisikia namba saba ikisomwa kanisani kwake, akaja na godoro lake kuniuguza. Huu ni mwezi wa pili. Ananinywesha uji wa wagonjwa na amenikataza kuinama, mimi mtu mzima mwenye mvi. Na mama mkwe habishiwi, unajua mwenyewe.

5. Binti yangu wa pekee, mwenye mimba ya miezi minane, aliposikia alilia kwenye simu mpaka mumewe akaipokea. Hili halinichekeshi hata kidogo. Ana mzigo wake wa kutosha, akaongezewa wangu, na mimi sina mzigo wowote.

6. Gari bado haliwaki. Jana tulilisukuma pamoja na askofu mgeni, akiwa na joho lake. Hakulalamika. Aliuliza tu kama mimi ndiye yule wa asubuhi.

Baba Mchungaji, mimi si mtu wa imani haba. Najua maombi huhamisha milima. Lakini mlima hauuzwi dukani. Betri inauzwa, na duka liko ng'ambo ya barabara, huwa naliona nikisukuma. Kwa hiyo naomba nitolewe kwenye orodha ya maombi niingizwe kwenye orodha ya manunuzi, hata nikiwa wa mwisho, chini ya mafagio. Ikishindikana, basi wote wanaoniombea waje saa moja asubuhi, tusukume.

Nisalimie mama mchungaji, mhasibu, mlinzi wa getini mwenye bega imara, na dada katibu muhtasi, ambaye sina kinyongo naye.

Wako mtiifu, mzima wa afya,
Dereva wa gari jeupe

N.B. Nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Mume wa binti yangu amepiga simu kutoka kliniki: mtoto amelala kiupande tumboni, na binti yangu analazwa leo. Mama mkwe ameshabeba godoro lake, yuko mlangoni ananingoja. Baba, usiifute namba saba. Betri acheni, tutasukuma. Mwandikeni hapo binti yangu, asomwe makanisa yote, mpaka kwa yule bibi wa soksi. Ila nakuomba sana, dada asifupishe hata neno moja.