Nilivyotiwa Kijiko Mdomoni Ikulu kwa Mtwa

Niliumbuka. Tena sikuumbukia kisimani au jikoni kwangu, niliumbukia ikulu kwa mtwa, chifu wa Wahehe, mchana kweupe. Nyie wajukuu mmeandika humu kwenye kundi kwamba mnapanga kwenda Iringa kuona ile nyumba ya zamani ya mtwa na bustani yake, mkapige picha. Nendeni. Ila mkifika kwenye mfereji, jueni bibi yenu aliwahi kulala humo.

Waliokuwepo nawataja. Wa kwanza mimi Subilaga, mke wa Ambakisye, tunakaa Mwanjelwa, Mbeya. Ambakisye mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye kazi ya reli, ndiyo kwanza inajengwa. Wa pili Gwakisa, mdogo wake, dereva wa lori la mpunga wa Ubaruku, huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafutia mke. Wa tatu Paskalina, jirani yangu ukuta kwa ukuta, Mhehe wa upande wa Kilolo, ndiye mshenga. Wa nne baba mkwe wangu (jina lake silitamki, mnalijua, msiniulize). Upande wa ikulu alikuwepo Bibi Sekalinga, mjane wa mtwa, na shemeji yake Mzee Daudi, na wanawake wawili wa jikoni, Luiza na Editha, wenye mikono kama wabeba magunia. Na Rozina, mjukuu wa Bibi Sekalinga, msichana mwenyewe anayeposwa. Rozina siku ile alikuwa amefungiwa chumbani, hakuona kitu. (Ndiye anayesimulia kuliko wote walioona.)

Sasa nyie wa siku hizi mnakaa sebuleni na wakwe zenu mnanyang'anyana rimoti. Sisi Wanyakyusa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawaonani kabisa! Ukimwona anakuja, unatoka njiani, unachutama, unampa mgongo, unajifunika kanga kichwani mpaka apite. Jina lake hulitaji. Chakula unapika wewe, anapeleka mwingine. Na yeye akikaribia mahali ulipo anakohoa, upate muda wa kukimbia. Kumtazama usoni ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Mambo yalianza hivi. Gwakisa alikuwa anapeleka mchele Iringa, huko akamwona Rozina. Akarudi hali, hanywi, lori analiendesha kama amelala. Tukatuma posa kupitia Paskalina. Utwa ulikuwa umeshafutwa na serikali, lakini nyumba ile ilibaki nyumba, na hawakuwahi kuoza binti Mbeya. Paskalina akarudi na jibu la Bibi Sekalinga:

"Kasema mje. Baba wa kijana aje, na mje na mkamwana mmoja amtazame. Akiona mmemtunza, atajua na wake mtamtunza. Akiona hamjamtunza, msirudi tena."

"Mkamwana gani?" nikauliza.

"Wangapi mko hapo, Subilaga? Si wewe!"

Mimi na baba mkwe, safari moja, mlango mmoja? Gwakisa akapiga magoti jikoni kwangu, mwanaume mzima na leseni yake.

"Shemeji, nikimkosa huyu nahamia Zambia."

"Hamia."

"Shemeji!"

Basi tukapanga. Serikali inapanga mipango ya maendeleo, lakini haijawahi kupanga kama tulivyopanga sisi ile safari. Paskalina akachukua mkaa akachora ikulu kwenye sakafu yangu. Nyumba hii hapa. Baraza hili hapa. Jiko nyuma. Bustani katikati, na njia inapita, moja kwa moja, kutoka barazani mpaka jikoni.

"Mzee wenu atapokelewa barazani," akasema. "Wewe utaingia kwa nyuma, jikoni. Bibi Sekalinga atakuja kukutazama hukohuko. Mimi nitakaa katikati kama ukuta. Mzee akisogea atakohoa, wewe unajificha. Kuna shida gani?"

Hakukuwa na shida. Kwenye sakafu.

Siku yenyewe nikavaa kitenge kipya, kilemba, kanga begani, na viatu vya kuazima kwa mke wa mchungaji. Baba mkwe akapanda mbele na Gwakisa. Mimi na Paskalina tukapanda nyuma juu ya magunia ya mchele, na mkungu wa ndizi wa zawadi. Sikumwona, hakuniona. Tulipopita Makambako baridi ikaanza kutukata, tulipofika Iringa nimekuwa mweupe kwa vumbi kama niliyechekecha unga. Nikajifuta. Nikasema leo wataona mkamwana aliyetunzwa.

Tukafika. Gwakisa akabaki nje na lori, maana mposaji haingii. Baba mkwe akaenda mbele, sisi tukazunguka nyuma. Kamwene, kamwene, Luiza na Editha wakatupokea vizuri sana. Mpaka hapo kila kitu kinakwenda kama kilivyochorwa.

Halafu Paskalina akaonana na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Luiza aliutoa kwenye kibuyu, umegemwa asubuhi hiyohiyo. Paskalina alikuwa hajaonja ulanzi wa kwao tangu aolewe Mbeya. Nikamwona anakaa chini. Anakunja miguu. Ukuta wangu umekaa!

Papo hapo akaja Bibi Sekalinga. Mwembamba, amenyooka, fimbo mkononi, kaniki nyeusi safi. Nikapiga goti. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu vya mke wa mchungaji.

"Kamwene, mwanangu. Unakula vizuri?"

"Nakula, bibi."

"Wanakupiga?"

"Hapana, bibi."

"Twende bustanini. Mtu humjui akiwa amekaa jikoni. Nataka kukuona unavyotembea."

Nikamgeukia Paskalina. Paskalina yuko ndani ya kibuyu.

Jamani, bustani ile! Mawaridi mekundu na meupe, miti ya mapichi imepangwa mistari, majani yamekatwa kama nywele za mwanafunzi. Mtwa aliipanda mwenyewe, Bibi Sekalinga akaniambia, na mfereji wa maji akauchimbisha kutoka mlimani. Nikawa natembea taratibu, naweka mguu kama bibi harusi. Nikaona anatabasamu kidogo. Nikasema Gwakisa, mke umepata.

Ndipo nikagundua njia ile haijanyooka. Ni duara! Inazunguka bustani nzima na kurudi ilikoanzia. (Paskalina utotoni alikuwa anafika pale lakini anaishia jikoni. Bustani aliichora kwa kukisia.) Na upande wa pili, nyuma ya mawaridi, nikasikia:

"Khoh!"

Baba mkwe! Mzee Daudi naye alikuwa anamtembeza mgeni wake bustanini.

Sikufikiri. Nikaruka nje ya njia, nikachutama nyuma ya mti wa pichi, kanga kichwani. Bibi Sekalinga alikuwa katikati ya maneno kuhusu mbolea.

"Mwanangu? Umeanguka?"

"Hapana, bibi."

"Sasa unafanya nini hapo?"

Ningemwambia nini? Kusema namkimbia nani ni kumtaja, na yeye yuko hatua chache ananisikia. Nikasema, "Naangalia mizizi."

"Mizizi."

"Ni mizuri, bibi."

Kikohozi kikapita. Nikainuka, nikajikung'uta, tukaendelea. Tatizo ni kwamba baba mkwe alikuwa na mafua. Ile baridi ya njiani ilimwingia. Kwa hiyo kuna kikohozi cha kunionya, na kuna kikohozi cha kifua, na mimi nitavitofautisha vipi? Khoh! Niko nyuma ya waridi. Khoh! Nimelala kifudifudi kwenye kabichi. (Ndiyo, mtwa alipanda na kabichi.) Khoh, khoh! Nimerudi mbio nilikotoka. Na yeye maskini akiona kanga yangu upande huu anageuka upande ule, na kwa kuwa njia ni duara, tukawa tunakimbiana huku tunafuatana.

Nikamsikia Bibi Sekalinga anaita kwa sauti ya chini, "Editha. Luiza. Njooni hapa, na mje na kijiko."

Sikuelewa kijiko cha nini. Nilidhani tunakwenda kula.

Nikakata kona moja nikiangalia nyuma, nikageuza shingo, na uso kwa uso, kama ninavyoitazama simu hii, baba mkwe. Ana kofia mkononi na pua nyekundu. Tukapiga kelele wote wawili. Yeye akaukumbatia mti wa pichi akaficha uso. Mimi nikarudi nyuma, nyuma, nyuma, na nyuma yangu kulikuwa na mfereji.

Maji ya Iringa yale! Yalinipiga mpaka nikatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, mikono inarukaruka. Kiatu kimoja cha mke wa mchungaji kikaondoka na maji kuelekea mashambani.

"Kimempanda!" Bibi Sekalinga akapiga kelele. "Mshikeni!"

Hapo ndipo nilipoelewa kijiko. Walidhani nina kifafa. Editha akanikalia miguu, Luiza akanishika kichwa, na kijiko kikaingia katikati ya meno nisijing'ate ulimi. Nikasema, "Hi-hi-hina hihaha!" Nilitaka kusema sina kifafa.

"Anaongea maneno ya ajabu," Editha akasema.

"Mkandamize zaidi," Bibi Sekalinga akasema. Halafu akamwambia Mzee Daudi aliyekuja mbio, kwa sauti ya mtu aliyemaliza shauri, "Umeona? Ndiyo maana walikuwa na haraka ya kuoa. Nyumba yao ina kifafa, kitamwambukiza. Rozina haendi."

Nikafikiri habari ya Gwakisa, yuko nje kwenye lori, labda anajitazama kwenye kioo. Machozi yakanitoka na kijiko mdomoni.

Baba mkwe akaona lazima aokoe jahazi. Lakini kunitazama hawezi, na kugeuka hawezi maana mimi niko palepale. Na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, akichanganyikiwa kinakimbia chote. Basi akasimama vilevile, ametupa mgongo, akauelezea ule mti wa pichi. Kwa Kinyakyusa. Kwa sauti kubwa, na vidole vikionyesha.

Wote wakamgeukia. Mzee wa watu, koti safi, anagombana na mti.

Luiza akanong'ona, "Na mzee naye."

"Leteni kijiko kingine," akasema Bibi Sekalinga.

Kelele zile ndizo zilizomwinua Paskalina. Akaja anayumba kidogo, akaniona mimi mferejini, akaona mzee na mti, akapiga makofi akakaa chini kwa kucheka. Nilitaka kumwua. Alipopata pumzi akasema kwa Kihehe, na baadaye akanitafsiria:

"Bibi, huyu si mgonjwa! Yule ni baba mkwe wake. Kwao hawaonani. Kila alipokohoa alikuwa anamwambia kimbia, na huyu akikimbia ndiyo heshima yenyewe!"

Kijiko wakakitoa.

"Kumbe ulikuwa unamheshimu?" Bibi Sekalinga akaniuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kwenye kabichi zangu?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe, bibi."

Fimbo yake ikaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe mama wa watu anacheka, anacheka mpaka Mzee Daudi akamshika kiwiko. Akajipangusa macho kwa pembe ya kaniki, akarudi kuwa mjane wa mtwa.

"Daudi, mwambie huyo mzee hapo kwenye mti. Mtoto wangu nitampa. Wamemtunza huyu, ana nguvu za kuruka kama mbuzi. Lakini Rozina wangu haingii mferejini kwa ajili ya kikohozi cha mtu. Atamsalimia mkwe wake kwa goti, usoni, kama tunavyosalimia sisi. Akikubali, tuzungumze ng'ombe."

Paskalina akamtafsiria. Tukangoja. Mgongo wa baba mkwe ukafikiri sana.

"Khoh," akasema. Halafu akasema, "Ndaga," yaani asante, amekubali.

Gwakisa alipoambiwa alipiga honi mpaka kuku wa ikulu wakapanda juu ya paa. Mimi nilirudi Mbeya nyuma ya lori, nimejifunika magunia, kiatu kimoja.

Rozina akaolewa. Siku ya pili tu akampelekea baba mkwe chai, akapiga goti, "Shikamoo baba," uso kwa uso, wakacheka pamoja. Na mimi niliyelowa, niliyekandamizwa, niliyeonja kijiko cha ikulu kwa ajili yake? Mimi ahadi haikunihusu. Niliendelea kuchutama nyuma ya migomba mpaka mzee alipofariki, namsikia Rozina anamwongezea sukari.

Sasa kama kuna nilichokosea nisahihisheni. Gwakisa, kama uko humu, ulanzi ulitolewa na Luiza au na Editha? Mawaridi yalikuwa na rangi ya njano au sikuyaona nilipokuwa chini? Paskalina hatunaye, angejua. Rozina na wewe unaweza kunisahihisha, lakini ulikuwa chumbani, usiongeze mambo. Na anayecheka, acheke kwake, asiniandikie.