Ugali wa Muhogo Waingia Kibaigwa

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua! Hoteli Tanganyika, ubavuni mwa soko la mahindi. Ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, kama kwetu Bujumbura. Bango langu: MAHINDI YAMETOSHA! NJOO ULE MUHOGO. Kibaigwa nzima inauza mahindi, inabeba mahindi, inakohoa vumbi la mahindi. Lazima wameyachoka. Akili nyingi! Wateja: bado. Wote wako ng'ambo ya barabara kwa Mama Joha, mama lishe wa Kondoa.

Mke wangu Loisi kapiga simu kutoka nyumbani. Hoteli isipojaa hadi Jumapili, nirudi nikaoshe vyuma gereji kwa kaka yake. Shemeji yule! Afadhali fisi.

Jumanne, 4 Juni
Madalali wa mahindi wamelisoma bango. Mkubwa wao, Mzee Bartolomayo, kaja mwenyewe. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Aliuliza kama ningependa yeye aende Bujumbura kuwatukana dagaa wetu. Bango limeshuka. Ngazi nimepanda mimi.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu mpya! Watu hufuata watu. Nimemweka Obedi wa bodaboda mlangoni, ale bure, kwa kelele. Fundi! Analamba vidole, anafumba macho, anamtaja mama yake mzazi. Watu wakaanza kusogea. Obedi akamaliza, akanawa, akavuka barabara, akaagiza ugali kwa Mama Joha. Mbele ya watu wote! Nikamuuliza kulikoni. Akasema kazi imekwisha, sasa anakula.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Joha kaingia kwangu. Kaja kunicheka, nikajua. Akaonja muhogo, akausukuma kando. Akaonja dagaa, akakaa chini.

"Nestori, mdogo wangu," akasema, "dagaa hawa wamekosa nini hata uwafungie na mgonjwa huyu?"

Alitaka niwahamishie kwake, waliwe na ugali wake wa mahindi, tugawane kazi. Nikakataa kwa heshima ya nchi yangu. Kisha nikamkumbuka shemeji. Nikabeba sufuria.

Jumamosi, 8 Juni
Foleni! Madereva wa malori wanasukumana! Mzee Bartolomayo kala sahani mbili, kaniitikia marahaba hata sijamwamkia. Nikampigia Loisi, nikainua simu asikie zogo. Akalia. Anakuja! Nimecheza na mwiko mkononi, Mama Joha akanipigia sinia.

Jumapili, 9 Juni
Mama Joha anasema tutulie, tupike, tumshukuru Mungu. Mwanamke mwema, ila biashara haioni mbali. Mimi kesho nakwenda Bahi kufungua tawi la dagaa! Kashika kichwa. Ati mwaka huu mvua zilizidi, bwawa la Bahi limefurika, kambale wanavuliwa hadi kuku wanawasusa. Ati kila nyumba inanuka samaki.

Nimecheka mpaka machozi. Watu wanaopenda samaki kiasi hicho, maskini, na hakuna aliyewahi kuwapelekea dagaa!