"Ngoja Kahawa" kwa Mwendo wa Cali

Jumamosi, 20 Desemba

Chago Belmonte anakuja Cali! Mwenyewe, na koo lake, na fimbo yake ya kutembelea. Anatoka Puerto Rico, ana miaka themanini na ushei, na Jumapili ya tarehe 28 ataimba kwenye sherehe za jiji. Inasemekana ndiyo safari yake ya mwisho.

Bahati mbaya habari hii nimeipata kwa Ovidio Caicedo, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanya santuri hapa mtaani kwetu Barrio Obrero. Uenyekiti alipewa kwa sababu sebule yake ina kiyoyozi. Yeye ndiye atakayempokea Chago, atakaa naye meza moja, atamtambulisha jukwaani. Mimi nimepewa kazi ya kupanga viti. Viti! Mimi Arcesio Lozano, niliyeanza kumsikiliza Chago nikiwa bado na nywele, mwandishi wa kitabu cha Kumbukumbu za Masikio Yangu (sura ya kwanza inakaribia kuanza).

Nikamwambia Ovidio nina ombi moja tu: Chago atuimbie "Ngoja Kahawa" kwa mwendo wetu. Akacheka mpaka meno ya bandia yakasogea. Akasema santuri ile ilitengenezwa izunguke mara thelathini na tatu kwa dakika, na kuizungusha mara arobaini na tano ni uhuni wa vijana wa zamani waliotaka kuringia miguu yao. Sawa. Ni sisi tuliosogeza kitufe cha mashine, sikatai. Santuri zilitufikia kutoka New York zimesinzia kwa baridi ya kule, tukaziamsha. Cali nzima ilicheza hivyo. Nubia alicheza hivyo.

Nubia, mke wangu, alifariki mwezi Machi. Nilimpata kwa wimbo huo, kwenye sherehe ya jirani, na mpaka leo sijaona miguu kama ile. Ungedhani sakafu ina moto. Nataka niusikie wimbo mara moja tu kutoka kwenye kinywa cha mtu aliye hai, kwa mwendo ule wa Nubia. Baada ya hapo sitamsumbua mtu.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimesoma kitabu cha maisha ya Chago, alichokiandika mwenyewe. Nimekisoma kitaalamu: kurasa zinazotaja Cali tu. Ziko mbili. Katika ukurasa wa kwanza anasema watu wa Cali ni wakarimu. Katika wa pili anasema aliharisha. Iko sura nzima juu ya "Ngoja Kahawa", lakini Cali haimo, nimeiruka.

Jioni tumesali novena, sala za siku tisa za Noeli, nyumbani kwa binti yangu Yaneth. Wenzangu wanamwimbia Mtoto Yesu, mimi nawaza. Mwimbaji huenda anakopelekwa na ngoma. Kwa hiyo wa kumshika ni mpiga tumba. Mpiga tumba akikimbia, Chago atakimbia, atake asitake. Ni rahisi kiasi kwamba nilitabasamu katikati ya sala.

Yaneth akaninong'oneza, baba, unapanga nini tena? Nikamwambia nasali. Akasema uso wangu wa kusali anaujua, na huu siyo. Halafu akaniwekea kipande kikubwa cha natilla, kitamutamu cha maziwa na mdalasini, kama mtoto anayetakiwa anyamaze. Nimekila. Sikunyamaza moyoni.

Ijumaa, 26 Desemba

Siku ya kazi. Nimevaa suti nyeupe, viatu vya rangi mbili, nimekwenda hotelini walikofikia wanamuziki, na pandebono (mikate ya jibini) za moto kwenye mfuko na chupa ya aguardiente, pombe yetu kali, kwapani. Dada wa mapokezi akauliza natoka wapi. Nikasema kamati. Akauliza kamati gani. Nikasema, binti yangu, ile kamati. Akanipisha.

Nikamwona mpiga tumba papo hapo! Ameketi peke yake, kofia kichwani, mikono mipana kama sahani, vidole vinagonga meza bila kupumzika. Nikajitambulisha. Akafurahi sana. Akala pandebono, akanywa, akala tena. Nikamweleza kinaganaga: "Ngoja Kahawa" ikianza tu, kimbia, usimsubiri mtu. Akasema atakimbia. Nikamweleza kuhusu Nubia. Akatoa machozi, akaapa kwa mama yake mzazi. Tukakumbatiana.

Ndipo akaitwa kwenye basi. Kumbe ni daktari wa meno kutoka mji wa Pasto. Wako mkutanoni, hoteli nzima imejaa madaktari wa meno. Nikamuuliza kwa nini aliapa. Akasema nilionekana mtu mwenye uchungu, na pandebono zilikuwa nzuri, hakutaka kuniudhi.

Wanamuziki walikuwa bustani ya nyuma, wanakula na Ovidio. Ovidio akanipungia mkono kwa mbali. Kuna namna ya kupunga mkono ambayo ni tusi, na yule bwana anaijua.

Jumamosi, 27 Desemba

Mkutano wa wakusanya santuri, bustanini, chini ya mahema. Kila mtu na santuri zake, majina yamebandikwa karatasi juu yake ili wapinzani wasiyasome. Viti nilivipanga vizuri. Cha kwangu nilikipanga mbele kabisa, karibu na mashine.

Chago akaingia. Mdogo kuliko nilivyodhani. Shingo imekonda, kola ya shati imezidi. Watu walisimama wote, na mimi wa kwanza. Mtu huyu alikuwa sebuleni kwangu miaka yote ile, na sasa yuko hapa anaomba maji.

Ovidio akaanza hotuba. Ovidio akianza hotuba huwa anafumba macho. Nikainuka, nikaweka santuri yangu, nikasogeza kitufe, nikashusha sindano. "Ngoja Kahawa", arobaini na tano, sauti juu! Wazee wa nyuma wakaanza kucheza palepale. Goti la Bi Leonor, ambalo halipindi, lilipinda.

Chago akasikiliza, ametega sikio. Wimbo ulipokwisha akauliza kwa upole, "Huyu mtoto anayeimba ni nani?"

Hema zima liliangua kicheko. Nikamwambia ni wewe, maestro. Akasema hapana, mzee mwenzangu, mimi ningekimbizwa hivyo ningefia studio. Kicheko tena. Nikataka kumweleza habari za Nubia lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote. Nikasema tu kwamba hapa ndivyo tunavyoupenda. Yeye hakucheka. Akasema atauimba kesho, ila kwa namna anavyoujua yeye.

Ovidio akatangaza kwamba sasa tutausikiliza kistaarabu, akaweka santuri yake kwa thelathini na tatu. Nikatoka nje kwa makusudi. Nikanunua matunda ya chontaduro ya kulia chumvi kwa mama wa beseni, nikakaa nayo ng'ambo ya barabara mpaka wimbo ukaisha. Maisha yangu yote sijausikiliza kwa mwendo ule na sikuona sababu ya kuanza leo. Mama wa beseni akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia chumvi haitoshi.

Jumapili, 28 Desemba

Nimerudi sasa hivi, naandika kabla ya kuvua viatu.

Asubuhi nilikuwa jemadari. Niliwapitia wachezaji wanne wa zamani, kila mmoja aje na kengele yake na kijiti chake. Kwetu hapa mtu kwenda tamashani na kengele ni kawaida, mlangoni hawakuuliza. Taabu ilikuwa kuwashawishi, maana kwetu tarehe 28 Desemba ni siku ya mizaha na kila mmoja alidhani namtania. Bi Leonor akasema, Arcesio, hata kama ni mzaha, nakuja. Mpango: "Ngoja Kahawa" ikianza, sote watano tugonge kwa mwendo wetu, kwa nguvu, mpaka bendi isalimu amri.

Alasiri, jua kali, uwanja umejaa. Ovidio alimtambulisha Chago kwa maneno mengi kuliko nyimbo zenyewe, halafu akashuka akaja kukaa pembeni yangu. Chama kizima kina viti hamsini, akachagua kile.

Piano ikaanza. Nikainua kijiti. Tukagonga! Mungu wangu, tuligonga! Mpiga tumba (wa kweli safari hii) akageuka, akababaika, akatukimbilia. Mpiga besi akabaki njia panda. Tarumbeta moja ikaenda huku, nyingine kule. Kwa muda mfupi, mfupi sana, ulikuwa wimbo wetu, na nikajikuta naitafuta miguu ya Nubia kwa pembe ya jicho.

Chago akainua mkono. Bendi ikanyamaza. Kengele zikanyamaza moja moja, yangu ya mwisho.

Hakukasirika. Akasema kengele za Cali ni tamu, azikute tena mbinguni. Lakini wimbo huu ana deni nao, akasema, na leo atauimba na piano peke yake. Akakaa kwenye kiti. Akaimba.

Kwa mwendo wa arobaini na tano maneno hayashikiki. Kiitikio tu ndicho tulichokijua, kile cha "ngoja, ngoja kahawa ichemke", tukidhani ni kijana anambembeleza msichana asiondoke mapema. Leo niliyasikia yote. Ni mwanamume aliyetoka kuzika mkewe asubuhi. Amerudi nyumbani, ameweka maji jikoni, ametoa vikombe viwili kwa mazoea. Anaiona nafasi ya mkewe mezani, anamwambia asiende kwanza. Ngoja kahawa ichemke. Kisha uende.

Nililia. Si machozi ya kufuta kwa kidole, nililia kwa sauti, kengele mapajani. Miaka yote ile tulikuwa tunacheza juu ya kaburi la mtu na tunapiga makofi.

Ovidio akanipa leso yake. Nilingoja kejeli. Akasema polepole alidhani sote tunajua wimbo unasema nini. Akasema tangu mkewe Amparo afariki, mwaka juzi, hana wimbo mwingine anaoweza kuumaliza. Nikampa kengele yangu aishike, nikapenga kamasi kwenye leso yake.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimemuuliza Yaneth kama mama yake aliwahi kujua maneno ya "Ngoja Kahawa".

Akashangaa. "Baba, si alikuwa anauimba kila siku akiosha vyombo? Polepole, hivi." Akanionyesha. Sauti ileile ya Nubia, koo lilelile.

Nikauliza kwa nini Nubia hakuniambia. Yaneth akasema alimuuliza mama yake swali hilohilo, wakati ule wa ugonjwa. Mama akajibu, mwache baba yako, ule wimbo anaupenda sana, utaniharibia mchezaji wangu.

Mimi nilikuwa sebuleni siku zote. Jikoni ni hatua chache. Sikuwahi kwenda kusikiliza. Nimemkumbuka leo kuliko siku ya mazishi.

Jumanne, 30 Desemba

Jambo hili nimelala nalo usiku kucha na nimelifikiria kwa kina, kama msomi. Uamuzi: Chago amekosea.

Simlaumu. Mtu anaweza kutunga wimbo na asiuelewe. Kwa mwendo wake kahawa inachemka, mwanamume anamaliza kuimba, mke anaondoka. Ni hasara tupu. Kwa mwendo wetu hakuna anayepata hata nafasi ya kumzika. Asubuhi nimeweka santuri, nimesogeza kitufe hadi arobaini na tano, nimenyoosha mkono wa kushoto pale ulipokuwa unakaa mkono wake, nimecheza mpaka jirani akagonga ukuta. Nubia alikuwepo. Miguu yake niliisikia. Nimecheza mara ya pili, na ya tatu, na sijioni mjinga hata kidogo.

Hoja hii itakuwa sura ya kwanza ya kitabu changu. Nakala moja nitampelekea Chago, asahihishe wimbo kabla hatujachelewa.

Kesho chama kizima kinafunga mwaka sebuleni kwa Ovidio. Mashine yake ataizungusha kwa thelathini na tatu, atakaa kwenye kiti chake na leso mpya, atausikiliza ule wimbo mpaka mwisho. Namjua. Nimenunua gundi, ile kali ya mafundi viatu. Akienda kuchukua barafu, kitufe kitagandishwa kwenye arobaini na tano na hakitatoka hapo hata kwa bisibisi.

Atanitukana sana. Avumilie tu. Amparo naye alikuwa mchezaji mzuri.