Jaji Hufika Saa ya Chakula

Siku Soud alipojipa ujaji alikuwa amekaa maktaba ya Walthamstow akijikinga na baridi, tumboni hana kitu ila chai. Wiki tatu nyuma alikuwa mtu mwenye kazi yake, akipanga trei za chakula cha abiria wa ndege katika ghala moja kule Hounslow. Kisha wakubwa wakagundua kwamba abiria wa viti vya mbele walikuwa wakipelekewa trei zenye kijiko, kitambaa, na nafasi tupu pale ilipotakiwa kuwepo keki. Soud alijitetea vizuri sana. Alisema alikuwa akionja kwa ajili ya usalama wa anga. Walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamfungulia mlango wa nje.

Basi pale maktabani, meza ya pili, mwanamke mmoja alikuwa akizungumza kwenye simu kwa Kiswahili cha Nairobi, kwa sauti ya mtu anayedhani hakuna anayemwelewa.

"Matamasha kumi na moja, dadangu! Hakuna hata moja limenijibu. Na ni filamu ya familia! Haina matusi, haina busu, haina hata mtu amekasirika sana. Mimi nakwambia, mtu akijitokeza asome hii skripti yangu mpaka peji ya mwisho, nitampikia mpaka ashindwe kusimama."

Mtu mwingine angeendelea kusoma gazeti lake. Soud alilikunja. Alisubiri simu ikatwe, akafunga vifungo vya koti, akasogea kwa unyenyekevu wa mtu anayekwenda kutoa pole msibani.

"Samahani mama. Mie si mtu wa kusikiliza maneno ya watu, lakini umesema filamu ya familia?"

"Ndiyo. Na wewe ni nani?"

"Jaji Soud," akasema, na wa kwanza kushtuka alikuwa yeye mwenyewe. "Tamasha la Filamu Safi za Familia, London Mashariki na Vitongoji Vyake."

Mwanamke yule aliitwa Peris, nesi wa zamu, mkaazi wa Tottenham. Macho yake yalitoka kwenye shaka, yakapita kwenye tumaini, yakarudi kwenye shaka. "Ada ya kuingia ni pesa ngapi?"

"Hasha! Wanaotoza ada ndio matapeli," Soud akasema kwa uchungu wa kweli. "Sisi tuna sharti moja tu. Filamu ya familia haipimwi ofisini. Hupimwa nyumbani, familia yote ipo, mezani, saa ya chakula. Jaji aone mwenyewe: watoto wanacheka au wanasinzia?"

"Jumapili saa saba?"

Soud akatoa kijitabu kitupu mfukoni, akakipekua kurasa baada ya kurasa, akakuna kidevu. "Nitajibana," akasema.

Jumapili hiyo, katika fleti ya ghorofa ya nne, jaji alikaa kichwani mwa meza. Peris alikuwa amepika mukimo wa viazi na mahindi, chapati na mguu wa mbuzi. "Nyama ni ya halali, nimetoa kwa Mturuki hapo chini," alimhakikishia. Skripti ilimhusu fisi aliyeacha kula nyama baada ya kualikwa harusini na sungura. Njenga, mumewe Peris, dereva wa basi, mtu mpole mwenye mabega mapana, ndiye aliyepewa sehemu ya bibi harusi. Watoto wawili walikuwa wakielewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza.

Peris alisoma kurasa tisini. Soud alitafuna kurasa tisini. Kila aliposikia kimya aliinua kidole na kusema, "Hapo pana kitu," kisha akashuka tena sahanini. Mwisho akajifuta midomo.

"Pana moyo humu, Mama Peris. Lakini ule mlango wa pili wa hadithi, wa harusi, haujaiva. Nitahitaji kuusikia tena. Jumapili ijayo ingefaa."

Peris akalia machozi ya furaha. Kwa miaka sita hakuna aliyemwambia ana moyo.

Habari njema mjini huenda kwa basi, na Njenga aliendesha basi. Baada ya mwezi Soud hakuwa na siku tupu. Jumatatu ni mwalimu mmoja na filamu yake ya kasuku mchamungu. Alhamisi ni Ulimboka, fundi bomba, Mnyakyusa wa Walthamstow, na hadithi ya baba na mwana wanaoshindana kubeba mkungu wa ndizi kuvuka London nzima bila kupanda gari. Ulimboka hakuwa na haya. Alipomaliza kusoma alimsindikiza jaji mpaka mlangoni na kumtilia mkononi sato mzima wa kukaanga.

"Si rushwa, mheshimiwa," akanong'ona. "Ni utafiti. Kuna samaki katika ukurasa wa arobaini."

Habari za sato zilifika Tottenham. Jumapili iliyofuata Peris alimfungia jaji kuku wawili. Mwalimu wa kasuku akaongeza pudini. Watu waliacha kuulizana umeandika nini, wakawa wanaulizana umepika nini. Skripti zilizidi kuwa fupi na sufuria zilizidi kuwa kubwa. Fisi wa Peris, aliyekuwa na kurasa tisini, alibaki na ishirini na mbili, kwa sababu mwandishi hakuwa na muda tena. Alikuwa akimenya viazi. Mwenye tamaa akikutana na mwenye njaa, kila mmoja humwona mwenzake mjinga, na hapo wote wawili hula vizuri.

Soud alianza kunenepa na kujiamini. Alijifunza kusema "muundo" na "safari ya mhusika". Alibuni raundi ya kwanza, ya mchujo, na ya mchujo wa mchujo.

Kisha akaja Hansa.

Hansa alikuwa mwanamke wa miaka sitini, Mhindu wa Mombasa, mwenye duka la vitambaa kule Hounslow. Alimpigia simu mwenyewe. "Bwana Soud, nasikia wewe wasikiza kazi za watu. Njoo Jumatano mchana. Sili nyama, lakini hutakufa."

Hakufa. Nyuma ya duka, kati ya majora ya hariri, alikuta bhajia, muhogo wa kukaanga kwa pilipili, kachori, na chatne tatu za rangi tatu. Alipokwisha kujaza sahani, Hansa akamsukumia karatasi na kalamu.

"Tia sahihi hapa, baba. Mambo ya usalama wa chakula. Ukiumwa tumbo nisije nikashtakiwa."

Katika nchi ile hata mtoto akipanda bembea mzazi hutia sahihi. Soud alitia yake kwa vidole viwili vilivyobaki visafi, bila kusoma, akarudi kwenye kachori.

"Skripti yenyewe iko wapi, Bi Hansa?"

"Haijesha. Wewe kula. Nieleze, ulianzaje ujaji?"

Na hapo likatokea jambo ambalo Soud hakulitarajia: aliulizwa habari zake. Miezi yote hiyo alikuwa akisikiliza fisi na kasuku. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Akaanza kwa uongo wa kawaida, lakini mama yule alicheka mahali penye kuchekesha na kunyamaza mahali penye kunyamazisha, akiandika vijineno katika daftari. Soud akaona raha. Jumatano ya pili akamsimulia zile trei za ndege, kama mambo ya rafiki yake. Ya tatu, akasahau kusema ni rafiki. Ya nne akamwonyesha namna ya kusema "pana moyo humu" bila kusikia neno hata moja. Ya tano na ya sita alizingojea tangu Alhamisi, na si kwa ajili ya bhajia peke yake.

Wakati huohuo washiriki walianza kuuliza. Tuzo lini? Ukumbi gani? Ulimboka alikwisha kununua suti. Soud akaanza kufunga mzigo. Alikuwa na binamu Leicester ambaye mkewe alisifiwa kwa biriani. Kabla hajakata tiketi Hansa akampigia simu.

"Skripti imekwisha. Imeingia katika tamasha dogo hapa Hounslow, itasomwa jukwaani na waigizaji Jumamosi adhuhuri. Uje. Kutakuwa na chakula."

Neno la mwisho ndilo lililomponza.

Ukumbi ulijaa. Soud aliketi safu ya nyuma, karibu na mlango, kama desturi ya watu wa kazi yake. Mbele aliona mabega mapana ya Njenga. Karibu yake Peris. Na suti mpya ya Ulimboka. Hansa alikuwa amewaalika wote. Soud akajituliza: hawakumwona, na mlango uko hatua tatu.

Mtangazaji akasoma jina la filamu: *Jaji Ana Njaa*.

Mwigizaji mnene akaingia amejifunga leso shingoni. Akaketi mezani. Mtu akamsomea hadithi, naye akainua kidole: "Hapo pana kitu." Watu wakacheka. Peris hakucheka. Alikuwa amekaa wima. Ulimboka akageuza shingo polepole, akimtazama Peris.

Soud akanyanyuka nusu. Hatua moja. Hatua ya pili. Angefika. Lakini pale jukwaani yule mnene, akidhani hakuna anayemwona, akachukua chapati, akaikunja, akaitumbukiza ndani ya soksi.

"Uwongo!" Soud akapiga kelele. "Sijapata kutia chapati kwenye soksi mie! Ilikuwa mfuko wa koti!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Mfuko gani wa koti?" akauliza Peris.

Kwa kweli Soud aliona yamekwisha, na mtu aliyeona yamekwisha hujaribu biashara ya mwisho. Akapanda jukwaani. "Ndugu zangu, haya ni maisha yangu! Huyu mama ameyaiba! Kama kuna tuzo, nusu ni yangu!"

Hansa akatoa karatasi ndani ya pochi, akampa mtangazaji, naye akaisoma kwa sauti: Mimi Soud nampa Bi Hansa ruhusa ya kuandika habari zangu zote, za kweli na za kuongeza, na malipo yangu nimekwisha kuyala.

"Uliniambia usalama wa chakula!"

"Uliumwa tumbo?" Hansa akauliza. "Basi."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Ulimboka, aliyekuwa amepanda jukwaani kwa nia ya kumpiga, akajikuta ameshika mbavu zake mwenyewe. Peris peke yake ndiye aliyembana ukutani, uso kwa uso.

"Niambie ukweli. Fisi wangu. Kulikuwa na moyo ama hakukuwa?"

Soud alifikiri. Lilikuwa swali la kwanza alilolijibu kwa haki tangu awe jaji. "Ulikuwepo, mama. Kabla hujaanza kumkata kwa ajili ya kunipikia. Zirudishe zile kurasa. Ile hotuba ya bibi harusi niliacha kutafuna."

Peris alimwachia kola. Jioni ile ile alizirudisha zote tisini.

Skripti ya Hansa ilipata tuzo, na kampuni moja ndogo ikaamua kuitengenezea filamu. Soud aliposikia wanatafuta mwigizaji wa kumwiga jaji, alinyoa, akaazima koti, akaenda kujaribiwa. Alisema maneno yake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe. Mwongozaji, msichana mwenye miwani, alimtazama kwa huruma.

"Asante, mzee. Lakini huna sura ya tapeli. Hakuna mtazamaji atakayeamini kwamba wewe unaweza kumdanganya mtu."

Kwa kuwa Hansa alimwombea, wakampa nafasi nyingine: mgeni wa tisa katika karamu, asiyesema neno. Wakamkalisha mbele ya meza ya futi ishirini, imesheheni kuku wa rangi ya dhahabu, matunda, keki za ghorofa tatu. Kamera ikawashwa. Soud akatazama kulia, akatazama kushoto, akang'ata.

"Kata!" akapiga kelele mwongozaji. "Mgeni wa tisa, tafadhali! Hicho si chakula, ni plasta!"