Kunguni wa Nyumba ya Vyumba Vitatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwenye nyumba kapandisha kodi tena. Mwanangu kasema hatuiwezi, mwisho wa mwezi tunahama. Sawa. Kuhama si kufa.

Jioni nikaenda jikoni kuchukua chumvi. Nikamkuta mkamwana, mke wa mwanangu, anamnong'oneza mumewe. Kule kisimani kuna nyumba ya vyumba viwili, bei nafuu. Watoto watalala chumba kimoja, Mama ataenda kwa dada yako, ana nafasi. Nafasi anayo, kweli. Ana na mume anayehutubia tangu chai mpaka maji ya kunawa. Mwanangu hakujibu kitu. Kimya chake nakijua, kakirithi kwa baba yake. Akinyamaza, keshakubali.

Nimeacha chumvi yao.

Mjukuu wangu mdogo hapati usingizi mpaka ashike sikio langu. Nikienda kwa binti yangu, hilo sikio nitalituma na nani? Lazima ipatikane nyumba ya vyumba vitatu, na iwe rahisi. Wao wanatafuta kwa simu. Mimi nitatafuta kwa miguu.

Jumatano, tarehe 5

Nimeipata. Nyuma ya mashine ya kusaga unga. Vyumba vitatu, choo ndani, bomba linatoa maji, nimelifungua mwenyewe. Chumba cha mbele kina dirisha la njiani. Hicho changu.

Mwenye nyumba hiyo ni mtu mpole. Miwani kaipandisha kwenye paji la uso, halafu anaitafuta mezani. Bei yake inatuzidi kidogo. Hilo lingezungumzika. Tatizo ni mwalimu mstaafu. Nimemkuta na mkewe wanapima madirisha waweke mapazia. Wako wawili tu, watoto wao walishaondoka. Nikamuuliza vyumba vitatu vya nini. Akasema kimoja cha vitabu. Nikamuuliza tangu lini vitabu vinalala. Akanitazama kama nimekosa hesabu ubaoni.

Nimemweka moyoni huyo.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepeleka sketi kwa fundi cherehani wa kona. Sketi nzima, haina tatizo. Nikamwambia aikazekaze kiunoni. Akiwa anatafuta uzi, nikashusha pumzi. Akauliza kulikoni. Nikasema siwezi kusema. Akasema basi usiseme. Nikasema. Ile nyumba ya nyuma ya mashine ina kunguni, nimewaona kwa macho yangu, wanapanda ukuta kwa mstari kama wanafunzi wanaingia darasani.

Nimemsihi sana asimwambie mtu. Hiyo ndiyo njia ya haraka.

Jumamosi, tarehe 8

Mwalimu kajitoa. Kasema mkewe ana ngozi laini. Mwenye nyumba kashusha bei mwenyewe, huku anajikuna shingo, anasema hajui maneno hayo yametoka wapi. Nimempa pole. Nimemwambia watu wa siku hizi hawana haya.

Mwanangu nimempeleka kaiona. Kaipenda. Kaonyesha kabati litakaa wapi. Tumerudi natembea kama mwenye mashamba.

Jioni mkamwana karudi kutoka kwa fundi na gauni lake mkononi. Hakuketi. Kasema hahamii nyumba ya kunguni hata akipewa bure, mtoto mdogo anajikuna tayari kwa sabuni tu. Mwanangu kasema ni uvumi. Mkamwana kasema uvumi gani, kuna mama mtu mzima, mwenye heshima zake, kawaona kwa macho yake. Nikasema vikongwe wa siku hizi waongo sana. Akanitazama mpaka nikainuka kwenda kutazama sufuria. Haikuwa na kitu.

Jumatatu mwanangu anakwenda kulipia kule kisimani.

Ningeweza kusema. Ulimi umegoma. "Mwenye heshima zake" ni neno zuri, kulirudisha ni kazi.

Jumapili, tarehe 9

Nikafikiri: watu hawaamini maneno, wanaamini macho. Nikaazima ufunguo kwa mwenye nyumba. Nikamwita mtu wa mkokoteni, nikapakia godoro langu. Nikalitandika katikati ya chumba cha mbele, nikalala. Usingizi mzuri, upepo wa dirishani. Nilipoamka nikaagiza mkamwana aitwe, aje aone bibi kalala mchana kutwa, hana hata alama.

Kaja na tochi. Kamulika kuta, pembe, nyufa za mlango. Safi. Nikasema unaona sasa. Kasema naona, Mama. Halafu akainama, akapindua godoro langu, akamulika kwenye mshono.

Kunguni, wanono, wamejaa.

Nikasema wamepanda humo sasa hivi, kutoka ukutani. Kasema Mama, hawa wana wajukuu kama wewe. Ndiyo maana mtoto anajikuna, na mimi nikabadilisha sabuni mara ngapi. Mwenye nyumba naye katokea mlangoni, anatoka kwa fundi, kashusha miwani machoni. Kauliza kwa upole kama hawa ndio niliowaona wakipanda kwa mstari. Mtu mpole ni hatari.

Jumatatu, tarehe 10

Mwanangu kacheka mpaka kaketi chini. Godoro limechomwa. Nguo zote zimechemshwa. Mkamwana kafua tangu asubuhi bila kunitazama. Kisha kasema, akiwa na mgongo kwangu, kwamba kama kunguni ni wetu, kisimani tungehama nao, bora tukaanze upya kwenye ile nyumba safi ya nyuma ya mashine. Na kwamba mtoto atalia, hatapata usingizi bila bibi yake.

Nikasema nimesikia. Nikamsaidia kukamua shuka.

Lakini mwenye nyumba karudisha bei ya kwanza, na dawa ya kupuliza juu yetu. Kwa hiyo mwanangu kapangisha chumba cha mbele ili kujazia. Kampangisha nani? Fundi cherehani. Na yeye kapandishiwa kodi. Mimi ninalala na wajukuu.

Alhamisi, tarehe 20

Tumehamia. Mjukuu kashika sikio tangu alipolala, shingo imekakamaa, siwezi kugeuka. Sitaki kugeuka.

Ila ile cherehani inalia chumba cha mbele, chumba changu, kwenye dirisha langu. Wateja wake wananisalimu kama mgeni. Leo fundi kaniuliza, mbele yao, kama ile sketi bado inabana.

Nimepita kwa muuza mkaa. Nimemwambia, kwa siri kabisa, kwamba chumba cha mbele cha nyumba yetu kina nyoka. Mkamwana hununua mkaa hapohapo, lakini yeye ana haraka siku zote, hasimami kusikiliza maneno ya watu.