Kompyuta Isiyokula Umeme

Ghalib alikuwa anakula tambi chini ya jengo la maduka la Tianxiu, huko China, aliposikia mwanamke anagombana na simu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na papo hapo tambi zikapoteza ladha. Si kwamba zilikuwa mbaya. Ghalib, Mungu amrehemu angali hai, alijaliwa pua ya kunusa mtu mwenye shida, na pua hiyo ikishaanza kazi, mdomo wake huacha kutafuna.

"Non, ile kompyuta yako inakula betri yote!" mwanamke alifoka. "Tunawasha filme, bibi harusi hajafika hata kanisani, pah, giza! Watu wanarudi kwao na hasira."

Akakata simu. Ghalib akasogea na bakuli lake.

"Samahani mama, sikukusudia kusikiliza," alisema, ingawa alikuwa amehamisha kiti mara mbili ili asikie vizuri.

Mwanamke huyo aliitwa Maman Eugénie. Alikuwa akinunua magauni ya jumla pale soko la Shisanhang na kuyapeleka Kongo. Kwa kuwa vyumba vilikuwa ghali, alikodi boti kuukuu iliyofungwa kwenye mfereji wa Liwan, akaishi humo. Alasiri, Wakongomani waliokuwa wakingoja makontena yao walikuja kunywa chai na kutazama filamu. Boti haikuwa na umeme wa mjini. Ilikuwa na paneli moja ya sola juu ya paa na betri moja chini ya kitanda.

"Unahitaji kompyuta ya boti," alisema Ghalib kwa sauti ya daktari. "Inayoonyesha filamu, inayopiga muziki, na haili umeme."

"Kuna fundi wa vitu hivyo?"

"Yupo mmoja tu, mama. Unamwona."

Eugénie akamtazama kuanzia kofia hadi ndala. "Na huyo fundi mmoja anataka nini?"

Hapo Ghalib akaweka mkono kifuani. Dada yake Muzdalifa alikuwa anaolewa Unguja, na yeye, kwa simu iliyowekwa spika mbele ya ukoo mzima, alikuwa ameahidi kuleta magauni ya wapambe wote kutoka China. Mama yake, Bimkubwa, alikuwa ameshatangaza habari hiyo mtaa mzima. Tiketi ya ndege Ghalib alikuwa nayo. Magauni hakuwa nayo, wala hakuwa na cha kununulia. Akishuka mikono mitupu, bora asishuke kabisa.

"Pesa sitaki," alisema. "Nipe robota moja la magauni ya wapambe. Naruka Jumatano, harusi Ijumaa."

Huo ndio ulikuwa ukweli pekee aliousema siku ile, na ndio uliomponza.

"Bon," alisema Eugénie polepole. "Na kompyuta utaileta lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Bon," alisema tena, na safari hii alitabasamu.

Ghalib hakuwa amesomea umeme hata siku moja, lakini aliwasoma watu. Alinunua kasha zuri la alumini lenye taa ya bluu. Ndani akaweka simu yake ya zamani, ile iliyopasuka kioo, akaijaza filamu na kuiunganisha na waya wa runinga. Pembeni akalaza pawabenki moja ya kuilisha. Halafu akachukua waya wa kutoka kwenye betri ya boti, akauingiza kashani kwa heshima zote, na kuuacha humo bila kuufunga popote, kama mgeni aliyeingia sebuleni akasahau alichojia. Kipima umeme cha waya huo kingesoma sifuri. Pawabenki ingekufa jioni. Jioni Ghalib angekuwa angani.

Mwisho kabisa akabandika stika nyekundu juu ya skrubu: UKIFUNGUA, DHAMANA IMEKUFA.

Jumatano boti ilijaa. Walikuwepo waumini wenye vikombe vya chai, na mbele yao Pasta Mulumba, mtu mnene mwenye suti ya rangi ya maziwa. Ghalib, kama mfanyabiashara makini, alianza na lake. Alilifungua robota la magauni, akavuta moja moja, akageuza mikono, akavuta zipu za mgongoni, akanusa kitambaa. Yalikuwa magauni ya kutoa machozi, rangi ya waridi, na shanga kifuani. Aliyarudisha kwa mikono yake, akafunga kamba kwa mikono yake.

Kisha akawasha kasha. Taa ya bluu ikawaka, filamu ikaanza, na watu wote wakainama kutazama kipima umeme.

"Sifuri!" mtu alipiga kelele.

"Hata kidogo haili?" aliuliza Eugénie.

"Mama, hii imefunga," alisema Ghalib. "Inafunga Ramadhani mwaka mzima."

Boti nzima ikacheka. Ghalib naye akacheka, akainua robota.

"Doucement, polepole, Papa Ghalib," Eugénie alimshika bega. "Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila kuombewa. Weka mzigo chini. Ni sala tu."

Ghalib aliwaza: sala, sawa. Yeye mwenyewe alijua dua. Unainua viganja, unasoma, unapangusa uso, unakwenda zako. Hakuwa ameona bado Wakongomani wakikiombea kitu.

"Macho tufunge sote," alisema Pasta Mulumba. "Anayechungulia anafukuza baraka."

Akaanza na siku ya kwanza, Mungu alipoumba nuru, kwa kuwa kompyuta nayo ina nuru. Akapita kwenye maji ya juu na maji ya chini. Akafika kwa Nuhu, na kwa kuwa Nuhu alikuwa na chombo majini, hapo akatulia kama mtu aliyefika kwao. Aliwaingiza wanyama wote safinani, wengine kwa majina.

Ghalib aliisikia pawabenki ikikonda moyoni mwake. Wanyama walipokwisha, akaona nafasi.

"Amina!" alisema kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango.

"Amina!" aliitikia Pasta, akiwa ametiwa moyo sana. "Mnasikia? Hata ndugu yetu Mwislamu ameguswa! Sasa tumwombee Musa, ambaye naye alivushwa majini..."

Kukawa na sauti ndogo, kriki kriki, karibu na runinga. Halafu mchakacho wa nguo. Halafu kama mtu aliyepita na kitu kizito. Ghalib akafungua jicho la kushoto, kidogo tu.

"Na umkumbuke, Bwana," Pasta aliendelea bila kupumua, "yule ambaye jicho lake la kushoto liko wazi."

Ghalib akalifumba mpaka likamuuma. Hakujiuliza Pasta alionaje.

Akaanza kuomba kweli, kwa mara ya kwanza tangu alipokuja mji huu. Ni jambo la ajabu kumwomba Mwenyezi Mungu akulindie wizi wako, lakini wengi wetu huomba hivyo, na kwa unyenyekevu mkubwa. "Ya Rabbi, isizime kabla sijafika kwenye treni. Nikifika salama, nitabadilika." Akaona ameahidi jambo kubwa mno. "Kidogo," akaongeza.

Hatimaye amina ya mwisho ikaja. Akafumbua macho. Filamu ilikuwa inaendelea, bibi harusi keshafika kanisani, na robota lilikuwa palepale miguuni pake, na kamba yake.

"Ulifungue tena uhakikishe?" aliuliza Eugénie.

"Mama, baina yetu kuna uaminifu," alisema Ghalib akiwa tayari mlangoni.

Alibeba mzigo hadi kwenye treni ya chini ya ardhi, na hadi uwanja wa ndege wa Baiyun alicheka peke yake.

Unguja, sebule ilijaa. Shangazi walikaa sakafuni, wapambe mstari wa mbele. Bimkubwa akakata kamba mwenyewe, akainua gauni la kwanza. Vigelegele! Waridi, shanga, kiuno kama cha nyigu. Kisha akaligeuza, na vigelegele vikakatika.

Gauni halikuwa na mgongo.

Lilikuwa na kifua, tumbo na pindo la mbele. Nyuma palikuwa na vikamba viwili na pini. La pili vilevile. La tatu vilevile. Yote yalikuwa yale yanayovalishwa sanamu za dirishani, zinazosimama na mgongo ukutani maisha yao yote.

"Kaka," alisema Muzdalifa, machozi yakimlenga, "wapambe wangu waingie ukumbini kinyumenyume?"

"Wakiingia hivyo ndio itakuwa balaa zaidi, mwanangu," alisema Bimkubwa. "Huko nyuma ndiko hakuna kitu."

Simu ya Ghalib ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na shangazi mmoja akaubonyeza kabla hajaunyakua.

"Papa Ghalib, yambo! Ni Maman Eugénie. Fundi anayekabidhi kazi siku ya ndege yake, sisi tunamfungulia skrubu. Nilifunga marobota mawili, la pili nikaficha chini ya meza, na nilimwomba Mungu nisilitumie. Lakini wakati wa sala stika yako ilitoka kwa mvuke wa chai, nikakuta simu na pawabenki, nikabadilisha marobota. Bon. Pawabenki yako ingekufa jioni, tumeitoa. Pasta akafunga ule waya uliousahau kwenye kichaja cha gari. Sasa simu yako inakula kwa sola, filme zinacheza mchana kutwa, betri haina habari. Papa, umetengeneza kompyuta ya boti kweli! Ni waya mmoja tu ulikosa. Ungeufunga, ungeondoka na magauni yenye mgongo. Bwana akubariki."

Ghalib alitazama sakafu. Kilichomuuma si kuibiwa. Kazi yake ya utapeli ilimzoesha hayo. Kilichomuuma ni kwamba, kwa bahati mbaya, alikuwa amefanya kazi halali na hakujua.

Bimkubwa akasimama, akaenda dirishani, akaanza kung'oa mapazia.

"Cherehani iko chumbani," alimwambia Ghalib. "Harusi kesho."

Ijumaa wapambe waliingia ukumbini, mbele China, nyuma mapazia ya maua makubwa, wakatembea kwa madaha kiasi kwamba wanawake wa meza ya tatu walidhani ndiyo mishono mipya. Mmoja akamvuta Bimkubwa kanga.

"Bibi, hii mishono tumeipenda. Fundi gani?"

Bimkubwa akaonyesha kwa kidevu kule pembeni, alikoketi Ghalib na vidole vilivyofungwa plasta.

"Yupo mmoja tu," alisema. "Mnamwona."